Mwalimu Nyerere na kiti alichokiachia: urithi wenye pande mbili ambao bado tunauishi

Ndugu wanajamvi, nawasalimu.

Neno kung'atuka nililisikia kwa mara ya kwanza mwaka 1985, nikiwa darasa la tano katika kijiji kimoja cha mkoa wa Shinyanga. Baba yangu alikuwa ameketi kwenye kigoda akisikiliza Redio Tanzania Dar es Salaam, na kwa kuwa betri zilikuwa zimekwisha nguvu na dukani hakuna nyingine, alikuwa amezianika juani tangu asubuhi ili jioni zipate uhai kidogo. Mtangazaji alipolitaja neno hilo, baba alimgeukia babu na kumuuliza maana yake. Babu alifikiri kwa muda, kisha akajibu kwa Kisukuma kwamba halijui, lakini kama maana yake ni mtawala kuondoka akiwa mzima wa afya na hakuna anayemfukuza, basi hashangai kwamba neno lenyewe ni geni. Miaka mingi baadaye nilikuja kufahamu kwamba Mwalimu alilitoa kwao Butiama, katika lugha ya Kizanaki, ambako lilihusu wazee kulipisha rika linalofuata. Leo limo katika kamusi zetu na tunalitumia bila kufikiri limetoka wapi.

Nimefungua uzi huu kwa sababu kila inapokaribia tarehe 14 Oktoba, siku aliyofariki, mjadala wetu kuhusu Mwalimu hugawanyika vilevile. Wapo wanaomtaja kama mtakatifu asiyegusika, na wapo wanaomtaja kama chanzo cha umaskini wetu wote, na kila upande una ushahidi wake wa kutosha kujaza kurasa. Naona pande zote mbili zinaliruka jambo ambalo kwangu ndilo ufunguo wa kumwelewa. Mwalimu Julius Kambarage Nyerere alikuwa mwepesi kuliko viongozi wengi wa zama zake katika kukiachia kiti, lakini kiti chenyewe alikijenga kikubwa mno, akakiacha karibu na ukubwa uleule. Tumerithi yote mawili. Tumerithi desturi ya rais kuondoka, na tumerithi rais mwenye mamlaka ambayo karibu hakuna chombo kinachoweza kuyazuia.

Nianze na hilo la kwanza, kwa sababu tumelizoea kiasi cha kulidharau.

Mwaka 1955, baada ya kurudi kutoka Umoja wa Mataifa huko New York alikokwenda kukisemea chama chake cha TANU, alilazimika kuchagua kati ya siasa na ualimu katika shule ya Pugu. Aliacha ualimu, yaani mshahara wa uhakika, akiwa na mke na mtoto mchanga. Desemba 1957 alijiuzulu ujumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, ambako gavana alikuwa amemteua miezi michache tu kabla, kwa kuwa aliona serikali ya kikoloni haikuwa tayari kukubali lolote la maana. Kisha likaja lile ambalo hadi leo sijaona mfano wake. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 yeye akiwa Waziri Mkuu, na tarehe 22 Januari 1962, wiki sita tu baadaye, akajiuzulu. Nafasi ikashikwa na Rashidi Kawawa, naye Mwalimu akaenda mikoani kukijenga upya chama, kwa hoja kwamba chama kilichozaliwa kudai uhuru hakikuwa bado kimejua kitafanya nini baada ya uhuru kupatikana. Tufikirie vizuri jambo hili. Mtu amepigania kitu kwa miaka saba, amekipata, bendera imepandishwa, mwenge umewashwa juu ya Kilimanjaro, halafu wiki ya sita anampa mwenzake ofisi na kuondoka bila kujua kwa hakika kama atairudia. Alirudi, bila shaka, akiwa Rais wa kwanza wa Jamhuri tarehe 9 Desemba 1962, baada ya kumshinda Zuberi Mtemvu katika uchaguzi. Hata hivyo hatua ile ilikuwa na hatari ya kweli, na wapo wanasiasa wengi barani humu ambao wasingethubutu hata kuota.

Lipo na la uchifu. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki, na baadaye kaka yake, Edward Wanzagi, alishika uchifu huo. Mwaka 1963 serikali ya Mwalimu iliondoa mamlaka ya machifu nchi nzima, na ya nyumbani kwake hayakusalimika. Baadhi ya wasomi wetu wanalaumu kwamba jambo lile liliua taasisi za wenyeji ambazo zingeweza kuidhibiti serikali kuu, nami nakiri hoja hiyo ina uzito. Lakini haiwezekani kusema alikuwa akijikusanyia heshima ya ukoo.

Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, wakilalamika kwamba viongozi wanaishi vizuri huku wao wakitakiwa kujitoa. Mwalimu alikasirika na kuwarudisha nyumbani wanafunzi karibu 400. Hapo hapo alikubali kwamba katika suala la mishahara walikuwa na hoja, akakata mshahara wake kwa asilimia 20 na kupunguza ya viongozi wengine. Miezi michache baadaye, Februari 1967, likatangazwa Azimio la Arusha na masharti yake ya uongozi: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba za kupangisha, asiwe na hisa katika kampuni. Tukio hilo moja la Oktoba linamwonyesha mzima mzima. Anasikiliza, anajikata mwenyewe, na wakati huohuo anamfukuza aliyemwambia.

Na ndipo tunapofika upande wa pili wa urithi wake.

Katiba ya Jamhuri ya mwaka 1962 ilimpa Rais mamlaka makubwa mno. Wazo la msingi lililokuwamo limo hadi leo katika Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 37, inayosema kwamba Rais atakuwa huru na hatalazimika kufuata ushauri wa mtu yeyote, isipokuwa pale Katiba au sheria inapomtaka afanye hivyo. Mwaka huohuo wa 1962 Bunge lilipitisha sheria ya kuweka watu kizuizini bila kuwafikisha mahakamani. Wanajeshi wa kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, walipoasi tarehe 20 Januari 1964, serikali ilinusurika kwa msaada wa makomando wa Uingereza, na baada ya hapo viongozi kadhaa wa vyama vya wafanyakazi wakawekwa ndani, vyama vyao vikafutwa na kuundwa kimoja tu kilicho chini ya serikali. Mwaka 1965 nchi ikawa ya chama kimoja kisheria. Hapa lazima niseme kwa haki kwamba uchaguzi wa mwaka ule haukuwa maigizo: karibu kila jimbo lilikuwa na wagombea wawili wa TANU, mmoja akipewa alama ya jembe na mwingine nyumba, na wananchi waliwaangusha hata mawaziri, akiwamo Paul Bomani aliyekuwa waziri wa fedha. Lakini urais haukuwa na jembe wala nyumba. Ulikuwa na jina moja, na mpiga kura alisema ndiyo au hapana.

Kiti kikiwa kikubwa namna hiyo, kosa la anayekikalia nalo huwa kubwa. Sina mfano bora wa kuonyesha hilo kuliko wa familia yangu.

Novemba 1973 ilitangazwa kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 kila mtu wa vijijini awe anaishi katika kijiji rasmi. Kabla ya hapo Mwalimu mwenyewe alikuwa ameandika na kusema mara nyingi kwamba watu hawawezi kuingizwa katika ujamaa kwa nguvu. Kwetu Usukumani kila mji ulikuwa peke yake, umezungushiwa ua wa minyaa, ng'ombe wako ndani, mashamba yameuzunguka, na jirani yuko umbali wa kumwita kwa sauti. Mwaka 1974 walikuja mgambo na lori, na bibi yangu alipewa siku mbili. Hakubeba vyungu, kwa sababu vingevunjika, wala hakubeba ghala la mtama, kwa sababu halibebeki. Alimwambia babu ang'oe mlango. Ulikuwa mlango wa mbao za mninga uliotengenezwa na fundi kutoka mjini, kitu pekee katika nyumba ile kilichonunuliwa kwa fedha ya pamba, na bibi alilifuata lori kwa miguu, mlango ukiwa juu ya kichwa chake na bawaba zikining'inia. Walikopelekwa hapakuwa na nyumba ya kuutia mlango huo kwa miezi saba. Mimi niliukuta umetiwa katika nyumba ya udongo ambayo kuta zake zilikuwa hazilingani na kimo chake, hivyo juu yake palijazwa matofali mabichi. Mahame ya mji ule bado yanaonekana hadi leo, kwa kuwa minyaa haifi upesi.

Bibi huyohuyo, ndugu zangu, alijifunza kusoma katika kijiji kile. Alikuwa na zaidi ya miaka hamsini alipoingia katika darasa la kisomo cha watu wazima chini ya mwembe, na barua ya kwanza aliyoandika kwa mkono wake alimpelekea mjomba aliyekuwa jeshini wakati wa vita ya Kagera. Zahanati ilikuwa mwendo wa dakika kumi. Binti zake wadogo walimaliza darasa la saba, jambo ambalo dada zao wakubwa hawakulipata. Nilipomuuliza uzeeni kama anamlaumu Nyerere, alinijibu kwamba anamlaumu kwa mlango na anamshukuru kwa barua, na akakataa katakata kuvijumlisha.

Nimesoma michango yenu ya leo mchana, nami nashukuru kwa lugha ya staha mliyoitumia. Naomba nijibu mitatu.

Ndugu aliyesema kwamba kuachia madaraka mwaka 1985 ilikuwa njia ya kukimbia uchumi ulioharibika, hoja yake naiheshimu. Ni kweli kwamba hali ilikuwa mbaya. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, vita dhidi ya Idi Amin ilikausha hazina, na ile miezi 18 ya kufunga mkanda aliyotuomba baada ya vita haikwisha ilipopaswa kwisha. Mashirika ya umma yalikuwa yakila kuliko yanavyozalisha. Mkulima wa pamba kama baba yangu alikuwa akipimiwa mzigo wake na kupewa karatasi badala ya fedha, na karatasi zile alizihifadhi katika kopo la biskuti kwa miaka, nyingine hazikulipwa kamwe. Sabuni na sukari tulivipanga foleni. Mwalimu alikuwa amegoma kuyakubali masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, na waziri wake wa fedha, Edwin Mtei, alijiuzulu mwaka 1979 kwa sababu ya mgogoro huo. Yote hayo ni kweli. Lakini ndugu yangu, uchumi mbovu haujawahi kumwondoa madarakani mtu asiyetaka kuondoka. Tazama bara letu la wakati ule. Léopold Senghor wa Senegal aliondoka mwishoni mwa mwaka 1980, Ahmadou Ahidjo wa Kamerun akafuata mwaka 1982, na zaidi ya hao orodha ya walioachia kwa hiari ilikuwa fupi sana. Wengine walikuwa na uchumi mbaya kuliko wetu na wakaendelea kukaa mpaka wakatolewa kwa bunduki au kwa jeneza.

Na lipo jambo ambalo wengi hawalikumbuki. Kabla ya kuondoka, yalifanyika mabadiliko ya Katiba ya mwaka 1984, ambayo yaliweka ukomo wa vipindi viwili vya urais na kuingiza haki za binadamu ndani ya Katiba, ingawa mahakama zilianza kuzitumia mwaka 1988 tu. Kwa hiyo nikisema kiti alikiacha karibu na ukubwa uleule, neno karibu nimeliweka kwa makusudi. Muda wa kukikalia ulipunguzwa. Mamlaka ya anayekikalia yalibaki.

Ndugu wa pili ameuliza kwa nini nasema tumerithi desturi, wakati mtu mmoja kuondoka mara moja hakuwezi kuitwa desturi. Jibu langu liko katika mtu aliyempokea. Mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi alikuwa waziri wa mambo ya ndani, na ilipobainika kwamba watu walikuwa wamekufa mikononi mwa vyombo vya dola katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga walipokuwa wakihojiwa kuhusu mauaji ya wazee, alijiuzulu, ingawa hakuna aliyesema kwamba yeye mwenyewe alimgusa mtu. Nchi nyingi zingemsahau hapo. Miaka saba baadaye, Aboud Jumbe alipolazimishwa kuachia uongozi wa Zanzibar katika kikao cha chama Dodoma Januari 1984, ni Mwinyi aliyekwenda kushika nafasi ile. Aprili mwaka huohuo Edward Sokoine, ambaye wengi walimtazamia kuwa mrithi, alifariki katika ajali ya barabarani pale Dakawa, Morogoro. Tarehe 5 Novemba 1985 kiti cha Jamhuri ya Muungano kikakabidhiwa kwa mtu aliyekuwa na historia ya kujiuzulu kwa hiari. Naye alikaa miaka kumi akaondoka, Benjamin Mkapa akakaa kumi akaondoka, Jakaya Kikwete akakaa kumi akaondoka. Machi 2021 Rais John Magufuli alipofariki akiwa madarakani, siku mbili baada ya kutangazwa kifo chake Makamu wa Rais Samia Suluhu Hassan aliapishwa kama Katiba inavyotaka, na hakuna kifaru kilichotoka kambini. Mtu akitaka kujua kwamba hilo si jambo dogo, aulize majirani zetu.

Kisa cha Jumbe nimekitaja kwa kukusudia, kwa maana sitaki mtu adhani ninampamba Mwalimu. Kosa la Jumbe lilikuwa kutaka muundo wa Muungano uangaliwe upya, tena kwa njia ya kisheria. Suala la muundo huo, tangu Tanganyika na Zanzibar zilipoungana tarehe 26 Aprili 1964, Mwalimu hakuwahi kukubali ligeuzwe. Mwaka 1993 wabunge 55 walipotaka serikali ya Tanganyika, alikuwa mstaafu asiye na cheo chochote, lakini alisimama akawapinga mpaka hoja ikazimika, ijapokuwa Bunge lilikuwa limekwisha kuikubali. Hapo nakubaliana kabisa na ndugu wa tatu, aliyeandika kwamba Mwalimu aling'atuka lakini hakunyamaza. Uenyekiti wa CCM, chama kilichoirithi TANU, aliushikilia hadi mwaka 1990. Mwaka 1995 sauti yake ilikuwa na uzito mkubwa katika kumpata mgombea wa chama, na ni yeye aliyezunguka nchi kumnadi Mkapa.

Ila sauti hiyohiyo ndiyo iliyofungua mlango wa vyama vingi. Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilipozunguka nchi mwaka 1991, takribani asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Chama tawala kingeweza kuishia hapo kwa furaha. Mwalimu, aliyekijenga chama kile kimoja, ndiye aliyesema kwa nguvu kwamba wachache wale wasikilizwe, na Julai 1992 sheria ikabadilika. Tume ileile ilitaja sheria 40 ilizoziona kuwa kandamizi na kushauri ziondolewe au zirekebishwe, na nyingi kati ya hizo zilitungwa au kutumiwa katika utawala wake. Sijui kama kuna kiongozi mwingine barani Afrika aliyepewa orodha ya aina hiyo akiwa hai na akaendelea kuiunga mkono kazi ya walioiandika. Hata kuhusu kufuta serikali za mitaa mwaka 1972 na vyama vya ushirika mwaka 1976, alikiri hadharani akiwa bado Rais kwamba yalikuwa makosa ambayo asingeyarudia. Baba yangu, mwenye kopo lake la karatasi za pamba, alistahili kuusikia ukiri huo mapema zaidi, lakini aliusikia.

Machi 1995, katika mazungumzo na waandishi wa habari pale hoteli ya Kilimanjaro, Mwalimu alizungumzia nyufa anazoziona katika nyumba yetu: Muungano, udini, ukabila, rushwa, na kuendesha nchi bila kujali Katiba. Hiyo ya mwisho huwa tunaipita haraka kwa sababu nyingine zina kelele zaidi. Kwangu ndiyo nzito kuliko zote, kwa kuwa aliyeisema alikuwa amekitumia kiti kile kwa miaka 23 na alijua kwa mikono yake mwenyewe kinamruhusu mtu kufanya nini. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Mwitongo, Butiama, na suala hilo tuliliacha lilipokuwa. Rasimu ya Katiba iliyoandaliwa na tume ya Jaji Joseph Warioba, ambaye naye aliwahi kuwa Waziri Mkuu, ilijaribu kuligusa mwaka 2013, na bado iko kwenye makabati.

Kesho nitaendelea na habari ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika na wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika waliokaa Kongwa na Mazimbu, kama ndugu mmoja alivyoomba, maana hilo linahitaji nafasi yake. Kwa sasa ningependa kuwasikia wale ambao familia zao zilihamishwa kati ya mwaka 1973 na 1976, katika mkoa wowote. Waulizeni wazee mlio nao, kabla hawajatutoka, walibeba nini siku ile na kiko wapi sasa, kisha mtuandikie hapa. Mlango wa bibi uko kwangu.